"Mmetumwa na chama gani?"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26. Nimezaliwa Mbeya mjini na kukulia Mwanjelwa, lakini kwetu hasa ni Mufindi, na tangu mwaka juzi naishi huku kwa bibi yangu. Nina rasta. Nilianza kuzifuga nilipomaliza kidato cha sita, sasa zinafika mabegani. Nakuandikia kwa sababu ya rasta hizo, na suruali, na fulana, ingawa ninachokipigania ni maji.

Tuko vijana saba. Hatuna shirika wala mfadhili, nauli tunachangishana. Tunazunguka vijiji vya mabonde yanayolisha Ruaha Mdogo, tunawaomba watu wasogeze vinyungu, yaani bustani za mabondeni, mbali na chemchemi na waache kupanda milingoti (mikaratusi) juu ya vyanzo. Unajua vinyungu ni nini kwetu. Ndiyo mahindi mabichi kabla mvua hazijaanza, ndiyo mboga, ndiyo sare ya shule ya mtoto wakati shamba la mlimani limekauka. Tunajua tunagusa pabaya, kwa hiyo tulijiandaa. Tulisoma, tukapiga hodi kwa mtendaji wa kijiji, tukapewa nafasi mwishoni mwa mkutano.

Siku hiyo tulivaa fulana tulizochapisha kwa hela zetu, za kijani kwa sababu ya mazingira, mgongoni zimeandikwa OKOA CHANZO. Mimi nilikuwa na jinzi, ile iliyochanwa magotini, na raba. Mwenzetu mmoja alikuwa na koti la mabakamabaka, maana ilikuwa Juni na baridi ya huku unaijua. Tuliposimama tu, hata salamu yetu ya "kamwene" hatujaitoa, mzee wa mstari wa mbele akauliza: "Ninyi mmetumwa na chama gani?" Mwingine akadakia kwamba kiwe chama uwe mradi, posho isemwe mapema watu wajue. Tukajieleza. Nikaanza kueleza habari ya mita 60 ambazo sheria inataka ziachwe kutoka kwenye chanzo cha maji. Katikati ya maneno yangu, bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye nyasi karibu na miguu yangu akanyoosha mkono, akaweka kidole pale palipochanika gotini, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, umekosa uzi?"

Shangazi, hakuwa ananitania. Alinionea huruma. Watu wakacheka, na mimi nikapotewa na maneno, sikuyapata tena mpaka tunaondoka.

Wiki mbili baadaye bwana shamba alikuja akasema yale yale tuliyosema sisi. Alivaa sweta na gambuti. Watu walimsikiliza na wakamuuliza maswali ya maana. Nilikuwepo, nilikuwa nimekaa nyuma.

Sasa kikundi kimegawanyika. Wawili wanasema nikate rasta, nivae gauni refu, na kama sitaki basi nisisimame mbele. Mwingine anasema tukianza kuvaa ili kuwapendeza wazee tumekuwa wanafiki, leo nguo, kesho watatuchagulia na maneno. Mama amepiga simu kutoka Mbeya, naye anasema kata. Mimi usingizi hauji. Maji yanapungua kila mwaka, na sisi tunagombana juu ya nywele. Nifanye nini?

Binti wa Mufindi


Marahaba, mwanangu.

Rasta usikate. Nimelitanguliza hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Ila ile fulana ya kijani iweke kabatini leo hii, na nitakueleza kwa nini naiona ndiyo iliyowaumiza kuliko nywele na kuliko goti lililo wazi.

Katika nchi yetu kijani kina mwenyewe. Kijani na njano ni CCM, mtoto wa darasa la pili anajua. Zambarau ni ACT Wazalendo. Bluu na nyekundu zikikaa pamoja watu wanaona CHADEMA. Yule mzee hakuwadharau alipouliza chama. Kila uchaguzi ameona vijana wakishuka kijijini na fulana za rangi moja zenye maneno mgongoni, na hakuna hata mara moja walikuwa wamekuja kwa ajili ya chemchemi. Alisoma kilichoandikwa kwenye nguo kwa jinsi maisha yalivyomfundisha kusoma. Mlipojibu kwamba hamna chama, ikawa kama mnamficha, na anayeficha chama chake anaogopwa kuliko anayekitaja.

Na yule wa posho naye alisoma sawasawa. Kwa miaka mingi fulana za kufanana vijijini zimekuja na semina, sahani ya wali na bahasha. Watu wamejifunza kwamba mwenye sare analipwa, na kwamba anayelipwa akitaka wakae saa tatu kumsikiliza, basi na wao wapate chochote. Hilo lilinichoma niliposoma barua yako. Ninyi saba mnachangishana nauli kutoka mifukoni mwenu, mnajinyima, halafu mmevaa kama watu waliotumwa. Kitu kizuri kuliko vyote mlicho nacho, kwamba hakuna aliyewatuma, mlikifunika kwa fulana mliyoilipia wenyewe.

Koti la mabakamabaka ni jambo fupi. Sheria hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo. Mwambie kijana aliache nyumbani kabla hajapata matatizo, atafute sweta la mtumba.

Nikupe jambo langu mwenyewe. Nilikuwa bibi maendeleo katika vijiji vya Njombe, miaka ile nikiwa na umri kama wako. Nilitoka chuoni na suti mbili za sketi, moja ya bluu bahari na moja ya kijivu, na viatu vya kisigino kifupi, kwa sababu tulifundishwa kwamba mtumishi avae kitumishi. Nilizipenda suti zile. Kwa miezi mitatu niliitisha vikao vya akina mama kuhusu lishe ya watoto, wakaja, wakakaa, wakasema "ndiyo mama" kwa kila nilichosema, wakaondoka. Wanawake walionizidi umri mara mbili waliniita mama na kutazama chini. Hakuna aliyenieleza hata siku moja kwamba mtoto wake anaharisha.

Kisha kijijini ukatokea msiba, nikaenda nilivyo, na suti ya kijivu. Nilisimama mlangoni sijui nikae wapi. Mwanamke mmoja mtu mzima akatoka jikoni, mikono ina majivu, akaifuta kwenye sketi yake, akafungua khanga moja kati ya mbili alizokuwa amejifunga, akanizungushia kiunoni juu ya suti, akaikaza kwa nguvu mpaka nikajikaza tumbo. Hakusema neno. Alinishika mkono akaniingiza jikoni kwenye moshi, akanipa kisu na beseni la maharage mabichi ya kukatakata. Kwa muda wa saa nne usiku ule nilisikia habari za watoto wa kijiji kizima. Suti ilikuwa bado iko chini, kila mtu anaiona. Walichohitaji kuona ni ile khanga juu yake.

Kwa hiyo naiona nguo kama salamu. Kwenu huwezi kuanza na shida yako kabla ya kamwene, na ukianza hivyo, hata shida iwe ya kweli, umemkosea mtu. Nguo inatoa kamwene yake kabla mdomo haujafunguka. Yako siku ile ilisema "tumetoka mjini na tumetumwa", na mkutano ukaitikia salamu hiyo.

Usidhani ni ushamba wa vijijini kwetu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hili. Waliona kwamba watu wakimwona mwanaharakati kama mtu wa ajabu au mtu wa shari, wanakosa hamu ya kuwa karibu naye, na wanapungua ari ya kufuata anachosema, hata kama ni jambo jema. Hao walikuwa watu wa Canada na Marekani, wana intaneti na kila kitu.

Ila hapo ndipo wenzako wawili wanapokosea wanaposema "gauni refu, basi". Wanadhani kuna vazi moja la heshima linalofungua kila mlango. Halipo. Nitakuonyesha kwa watu waliopigania jambo moja, nchi moja, miaka ile ile.

Tarehe 1 Februari 1960, huko Greensboro, Marekani, vijana wanne weusi wa chuo waliingia kwenye duka la Woolworth, wakakaa kwenye kaunta ya chakula iliyokuwa ya wazungu tu, wakaagiza kahawa. Walikuwa wamevaa nadhifu kama watu wanaokwenda kanisani. Walikataliwa, wakabaki wamekaa. Mwezi huo huo wanafunzi wa mji wa Richmond wakafanya vile vile, na mhariri wa gazeti moja la huko, James Kilpatrick, mtu aliyetetea ubaguzi kwa kalamu yake yote, akaandika kwa uchungu kwamba upande mmoja aliona wanafunzi weusi na makoti, mashati meupe na tai, na upande wa pili vijana wa kizungu na majaketi meusi wakiwazomea. Adui yao mwenyewe alilazimika kuona nani ana heshima. Pale kwenye kaunta, chini ya macho ya wazungu, tai ilifanya kazi yake.

Sasa angalia. Mwaka mmoja au miwili baadaye, vijana wa harakati hiyo hiyo, wa kamati ya wanafunzi iliyojulikana kama SNCC, walikwenda mashambani Mississippi kuwaandikisha weusi wapige kura. Huko walikuta wakulima wanaolima pamba kwenye mashamba ya matajiri, watu wenye ovaroli za jinzi zilizopauka. Ukimfuata mtu huyo na tai, umemjia kama mchungaji au kama karani wa tajiri, na wote hao anawaitikia "ndiyo" bila kuwaambia ukweli. Kama mimi na suti zangu. Wale vijana wakavaa ovaroli. Bob Moses, aliyekuwa mwalimu wa hesabu New York, alilala kwenye nyumba za wakulima, akala chakula chao, na ovaroli ikawa nguo yake. Wapo wazee wa mjini walioona aibu kuona msomi mweusi amevaa nguo ya shamba. Lakini wale wakulima wa pamba waliwafungulia milango.

Tai kwa Greensboro, ovaroli kwa Mississippi. Wangebadilishana nguo, wote wangeshindwa. Swali la kujiuliza kila unapotoka nyumbani ni nani atakuwa amekaa mbele yako, na huyo anamwamini mtu wa namna gani.

Tuje kwenye nywele, maana najua hapo ndipo usingizi unapokimbilia. Wapo waliokata. Mwaka 1968 wanafunzi wa Marekani waliopinga vita vya Vietnam walimwunga mkono Seneta Eugene McCarthy, aliyekuwa akiwania kugombea urais kwa kupinga vita hivyo, wakaenda jimbo la New Hampshire kugonga mlango kwa mlango. Wengi walinyoa ndevu na kukata nywele ndefu kabla ya kwenda, wakijua wanaogongewa ni wazee wa vijiji vyenye baridi. McCarthy, ambaye hakuna aliyemtegemea, akapata karibu asilimia 42 dhidi ya Rais Lyndon Johnson aliyekuwa madarakani, na kabla mwezi huo wa Machi haujaisha Johnson akatangaza hatagombea tena. Sisemi nywele ndizo zilizofanya hivyo, vita ndivyo vilivyomchosha kila mtu. Nasema wale vijana walipima wakaona ndevu zitarudi, na uchaguzi hautarudi.

Kwa nini basi nakwambia wewe usikate? Kwanza, wao walikwenda kwa majuma machache, kwa watu ambao hawatawaona tena. Wewe unaishi hapo. Bibi yako anajulikana, ukoo wako unajulikana. Ukikata leo, kesho kijiji kizima kitajua umekata kwa sababu ya mkutano, na watajiuliza utabadilisha nini kingine ukisukumwa. Pili, katika barua yako yote hakuna mtu wa kijijini aliyetaja rasta. Soma tena. Aliyetaja chama alisoma fulana, aliyetaja posho alisoma fulana, bibi alitaja goti. Rasta zimetajwa na wenzako na mama yako tu. Funga kilemba cha kitenge siku ya mkutano. Huku baridi inatosha, hakuna atakayeuliza. Siku wakiziona rasta watakuwa wameshakujua.

Na kuna jambo naliogopa katika "kata" ya mama, ingawa najua anakupenda. Nchi yetu imewahi kulifanya suala la mavazi kuwa rungu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza operesheni Dar es Salaam dhidi ya sketi fupi, wigi na suruali za kubana, ianze Januari 1969. Haikungoja Januari. Wanawake walishambuliwa barabarani na kwenye mabasi na vijana waliojipa kazi ya kuwafundisha heshima. Kwa hiyo mtu akikwambia "vaa vizuri la sivyo usisimame", mpime. Bibi aliyegusa goti lako alikuwa anakusogelea. Mwenzako anayesema usisimame mbele kama hutaki gauni anakusogeza nyuma, na mwambie nimesema hivyo. Katika kikundi chenu nani amesoma habari za mita 60 kuliko wewe?

Huyo wa unafiki naye ana hoja, simpuuzi. Ukivaa kitenge kama kinyago, watu wataona. Wanawake wa Mufindi watakijua kitenge kilichofungwa na mtu asiyewahi kufunga kitenge kwa jinsi kinavyoning'inia. Lakini wewe si mgeni, una bibi nyumbani. Mohandas Gandhi alisomea sheria London akiwa na suti, na alipoamua mwaka 1921 kule Madurai kuvaa kitambaa cha kiunoni kama wakulima maskini wa India, hakukivua alipopata wageni wakubwa. Mwaka 1931 aliingia nacho Ikulu ya Buckingham kuonana na mfalme wa Uingereza. Kipimo cha unafiki ndicho hicho: je, utajisikia vibaya marafiki zako wa Mwanjelwa wakikuona hivyo? Kama hapana, basi ni nguo yako. Kwa miti na maji hasa, sijui mfano bora kuliko Wangari Maathai. Alikuwa daktari wa falsafa na profesa, angeweza kuvaa koti jeupe la maabara maisha yake yote. Tangu alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 hadi kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004 na baada ya hapo, watu wanamkumbuka na gauni la kitenge na kilemba, amepiga goti kwenye udongo na mche mkononi. Wanawake wa vijijini Kenya hawakuhitaji kuelezwa yeye ni nani wao.

Suruali vaa. Wanawake wa huku wanavaa suruali ya baridi chini ya kitenge tangu zamani, nimewaona kwenye chai na kwenye viazi. Kwenye mkutano funga kitenge juu, siku ya kuchimba mashimo ya miti kiweke pembeni uvae gambuti. Ila angalia maandishi. Kitenge chenye picha ya mgombea acha, na khanga soma jina lake kwanza. Usije ukasimama mbele ya watu unaowaomba waachie vinyungu na khanga yenye fumbo la kumsema jirani.

Sasa niseme lisilokupendeza. Bwana shamba hakusikilizwa kwa sababu ya sweta peke yake. Anaijua mipaka ya shamba la kila mtu, na akiitwa saa kumi na mbili asubuhi ng'ombe anakufa anakuja. Na wewe, ukivaa vyovyote, unamwomba mama aache bustani inayomlisha miezi ya kiangazi. Hilo halina kitenge cha kulifunika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo, sawa, lakini mita 60 kwenye karatasi haziogopeshi mtu na haziridhishi mtu. Nendeni na kamba. Pimeni pamoja na wenye vinyungu kwenye chemchemi moja tu, waone wenyewe mstari unapita wapi. Wengine watakuta wamevuka kwa matuta matatu, wengine hawajavuka kabisa na walikuwa wanawachukia bure. Miti ya kurudisha ipo, mivengi wanaijua kuliko ninyi. Na mkulima mmoja aliyekwisha kusogeza kinyungu chake asimame yeye azungumze, na nguo zake za kila siku, wewe ukae kwenye nyasi.

Kabla ya mkutano mwingine wowote, nenda kwa yule bibi. Nenda na ile jinzi na kibunda cha uzi, mwambie uzi nimepata, naomba unishonee. Atakupa kigoda. Wakati anatunga sindano muulize chemchemi ilikuwa inafika wapi mwaka alioolewa, na akianza kukuonyesha kwa kidole, mwombe mwende wote mkaone.